Kaskazini Uliyoiacha Mkono wa Kulia

Kaka Omari,

Assalamu alaikum. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema mtu apitapo makaburini atoe salamu, wenyewe wanasikia. Mimi huko sijapita, kwa hiyo naitoa hapa mezani kwako, nimekalia kile kiti chako kinachoyumba, ambacho kila mwezi ulisema utakitengeneza.

Hitima ya arubaini tumeshaisoma. Wifi Mwanaisha yuko kwenye eda, hatoki, na chakula anakula tukimshikilia. Mama anakula, anaoga, anaswali, kisha anauliza kama mafundi wamekuja. Mimi sijalia. Kina shangazi wananitazama sana, nadhani wanangoja. Niliwaambia nikipata nafasi nitalia, wakakasirika. Lakini ni kweli, kaka, sisikii kitu. Naamka, nachemsha chai, nafungua ofisi yetu ya kuchora ramani hapa Ukunda, nafagia. Yule mteja wako wa bara alikuja akauliza, "Sasa plani yangu itakuwaje, na mzee wa kazi ameenda?" Nikamwambia nitaimaliza mimi. Nikaimaliza, akashukuru, akaenda zake.

Nyumba ya Mama ndiyo iliyonishinda.

Unakumbuka ulivyomwahidi. Nyumba yake mwenyewe pale Kinondo, nyuma ya ile ya zamani, na choo ndani, asitoke tena na magoti yake yale kupita kwenye mihogo mvua ikinyesha. Kuta ulikuwa umeshazichora. Ulikuwa ukichora baraza siku ile kifua kilipokubana. Baada ya arubaini Mama akaniita, akasema, "Malizia, Rehema, Fundi Juma aanze." Nikalifungua faili.

Likafunguka pale pale ulipoachia. Unaijua programu yetu, inakumbuka mtu alikuwa akitazama wapi. Kioo kizima cha kompyuta kilikuwa baraza, nguzo mbili zimesimama, ya tatu bado. Na mihimili ya mchoro ulikuwa umeigeuza, ili baraza likae chini ya kioo mbele yako, maana ulisema shingo yako si ya kuchora kiubavu. Uzee uliuanza mapema, kaka.

Mihimili ile miwili, wa kwenda kulia na wa kwenda juu, ulinisomesha mpaka nikachoka. Ndiyo inayomwambia mchoraji ameielekea dunia upande gani, na kuna mishale midogo pembeni mwa kioo inayoionyesha. "Tazama pembeni kwanza, Rehema, ndipo uguse kipanya." Na kabla hujachora ukuta wowote ulianza na mshale wa kibla kwenye kona ya kiwanja. Kwetu huku kibla ni kaskazini, karibu sawasawa, kwa hiyo mshale ulikwenda moja kwa moja juu. Nilikuwa nikikucheka, nikikuuliza kama unachora nyumba au msikiti. Ukanijibu kwamba watu wa nyumba nao wana vitanda na vyoo.

Sasa baraza limetazama mashariki. Ukiliweka chini ya kioo, juu panakuwa magharibi, na kaskazini inahamia mkono wa kulia. Nilijua. Mishale niliiona. Kuirudisha mihimili ni kuiandikia programu neno moja tu, lakini sikuliandika. Nilihisi nikiligeuza, kile ulichokuwa ukikitazama kitaondoka, na hicho ndicho kitu cha mwisho ulichokitazama kwa raha kabla hatujakupeleka hospitali ya Msambweni. Najua, ungeniambia nihifadhi nakala. Nilihifadhi. Haikunisaidia chochote.

Basi nikafanya kazi hivyo hivyo, kwenye mihimili yako. Nikaweka nguzo ya tatu. Nikaweka kitanda cha Mama. Choo cha kukaa nikakielekeza kulia, kwa sababu mkono wangu umezoea kwamba kibla iko juu, na choo hakielekei kibla wala hakiipi mgongo. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Nikachapa, nikampa Fundi Juma.

Jumamosi nikaenda Kinondo. Walikuwa wameshachimba msingi na kulaza bomba la choo. Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, leso kichwani, ananionyesha kwa kidole, "Hapa nitalala, na hapa ndipo pale pangu," akaona haya kidogo, akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu ulipoondoka. Ikaadhiniwa adhuhuri. Mafundi wakatandika jamvi pale pale kando ya msingi, Fundi Juma akatangulia mbele. Mimi niko nyuma yao na karatasi mkononi. Sijui kwa nini, nikaufuata upande wa nyuso zao kwa kidole juu ya karatasi. Kidole kikaingia chumbani kwa Mama, kikapita katikati ya choo, nyuma kwenda mbele.

Mama yetu angekaa pale kila siku ameelekea kibla.

Nilicheka, kaka. Wao wako kwenye sujudu na mimi nacheka peke yangu, mkono mdomoni. Kisha kicheko kikakatika na nikaona aibu ambayo sijapata kuiona. Walipotoa salamu nikamwita Fundi Juma nikamwonyesha. Akatazama karatasi, akatazama jamvi, akasema, "Haidhuru, dada. Zege bado. Bomba tutalifukua." Mama aliyasikia yote. Akasema, "Omari hangefanya hivi." Nikamwambia hangefanya, ni mimi. Akaninyooshea mtandio begani, akasema, "Basi rekebisha, mwanangu."

Nikarudi Ukunda, nikafungua faili, nikaliandika lile neno. Nyumba ikazunguka mara moja. Baraza lako likaenda mkono wa kulia, kibla ikapanda juu, na kile ulichokuwa ukikitazama kikaondoka. Nilidhani nitasikia kitu. Nilikaa tu. Nje mtu alikuwa akibishana na muuza maji.

Nikakigeuza choo. Halafu nikabaki nimeitazama kaskazini iko juu, mahali pake, ndipo nikakuona.

Makaburini sikwenda, sisi wanawake tulibaki nyumbani. Hakuna aliyeniambia umelazwaje, na sikuuliza. Lakini kaskazini ikishakuwa juu hakuna cha kuuliza. Ubavu wa kulia, uso kibla. Basi kichwa chako kiko upande wa bahari na miguu upande wa bara. Nikachora mstari mmoja, urefu wako. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

Kitanda cha Mama nacho nilikuwa nimekiweka ovyo. Nikakizungusha mpaka kikawa sambamba na ule mstari, mto upande wa bahari. Akilalia ubavu wa kulia, na ndivyo anavyolala, atakuwa ameelekea unakoelekea wewe. Kisha nikaufuta mstari. Hapo pua ikaanza kunichoma. Machozi bado, lakini pua ilinichoma.

Mama ameniuliza kwa nini kitanda kimegeuka kwenye karatasi mpya. Nimemwambia ni kwa ajili ya upepo wa dirishani, akaridhika.

Nguzo ya tatu nimeiacha nilipoiweka. Kama si pale ulipopataka, nisamehe, hukuniambia. Kiti chako nitakitengeneza. Na kila faili nitakalolifungua, nitatazama pembeni kwanza, ndipo niguse kipanya.

Lala, kaka. Mola akurehemu. Sasa najua ulivyolala.

Dada yako,
Rehema