Mwalimu Aliyetambaa Chini ya Madawati

Mwaka mmoja umetimia tangu utuache, mwalimu wa watoto wadogo, mke wa fundi wa makochi. Mlimau wa nyuma ya nyumba sasa una majani mazima, kwa kuwa hakuna tena anayewachumia viwavi.

Wifi yako bado anasimulia siku alipofunua bakuli jikoni akidhani ni mboga, akakuta viwavi wanatafuna. Alisema kaka yake hakuoa mke, ameoa bustani. Wewe ulimwomba tu afunike taratibu, maana wenyewe walikuwa bado mezani.

Darasani kwako hakuna aliyejifunza kipepeo kwa kukaa. Watoto walijikunja mkekani wakawa mayai. Wakaanguliwa, wakatambaa chini ya madawati wakitafuna majani ya karatasi waliyoyakata wenyewe. Kiwavi akinenepa hujivua ngozi, basi nao wakavua masweta, na wakati wa kwenda nyumbani nusu ya darasa iliondoka na masweta ya watu. Akina mama walikuja juu. Ukawaambia wabadilishane hapo hapo getini, ndivyo watakavyofahamiana. Na wewe ulikuwa ukitambaa pamoja nao, hata magoti yako yakaota sugu.

Mumeo alishiriki kwa sindano. Ulimtaka akushonee mifuko mikubwa ya kitambaa, mtoto aingie mzima na kutulia humo, kama kiwavi anavyojifungia ndani ya ganda lake kabla ya kugeuka kipepeo. Akashona kama alivyozoea kushona: pembe kali, zipu imefichwa nyuma isionekane. Mtoto wa kwanza akaingia. Wakati wa kutoka akapapasa weee, mwisho akauliza kwa adabu kama leo kuna kulala shuleni. Ulikaa chini kwa kicheko.

"Mzee wangu," ulimwambia, "huu si mto wa kochi. Wa ndani ana safari."

Akafumua yote, akaacha upenyo kwa mbele, kitambaa kikilalia kitambaa, mtoto asukume kwa kichwa atoke mwenyewe.

Kisha kifua kikaanza kukubana. Uliomba mapumziko. Wakubwa wa shule wakakujibu kwa maneno matamu kwamba uvumilie kidogo, wakaguzi wanakuja, na darasa lako ndilo la kuwaonyesha. Ukavumilia. Ukatambaa mbele ya wakaguzi, wakapiga makofi, na wiki ile ile ukalala usiinuke. Watu husema kila mtu na siku yake. Mumeo hakatai. Ila yako, anasema, wapo walioisogeza.

Mazishini mkuu wa shule alikuita nguzo. Mumeo alikuwa akitazama viatu vya mkuu, vilivyong'aa. Alimnong'oneza kaka yako kwamba nguzo hubebeshwa mpaka ipasuke, ndipo isifiwe. Hata machozi hayajakauka, alikwenda shuleni na mkokoteni, akakusanya mifuko yote, akaitupa nyuma ya karakana na kuilaza chini ya godoro bovu. Kitambaa kilikuwa chake, sindano yake, na mke alikuwa wake. Ofisini hakuna aliyefungua mdomo.

Aliyethubutu ni msaidizi wako wa darasani, yule binti uliyemwita Mkia kwa kukufuata kila uendako. Alikuja akasimama katikati ya makochi yaliyochunwa, akaomba mifuko. Mumeo akamwambia aende akashonewe mingine na mkuu wake.

"Sijatumwa na mkuu, baba. Nimekuja kwa miguu yangu. Watoto wa mwaka huu hawajaingia hata mara moja."

"Waingie ofisini kwake. Kuna nafasi."

Akaaga kwa heshima, akaenda zake. Mumeo akabaki anapigilia msumari mahali pasipohitaji msumari.

Mwaka huu mjukuu wako ameanza katika darasa lile lile lililokuwa lako. Siku moja, babu yake akimrudisha nyumbani, alimuuliza wamesoma nini. Akasema kipepeo, alichorwa ubaoni. Akamchora na yeye, kwa kidole, hewani.

"Yai, kishale. Kiwavi, kishale. Ganda, kishale. Kipepeo."

"Na wewe ulikuwa nani hapo?"

"Mimi nilikuwa nimekaa, babu."

Hapo ndipo mumeo alipoona kwamba mlango aliowafungia wakubwa, waliobaki nje ni watoto.

Asubuhi aliitoa mifuko. Panya walikuwa wameionja miwili, akaitia viraka vya kitambaa cha kochi, chenye maua makubwa. Akapakia mkokoteni, akapita mbele ya ofisi bila kugeuza shingo, akamkabidhi Mkia darasani. Mwenyewe akajibanza ukutani, pembeni.

Watoto waliingia mifukoni, mjukuu wako akachagua wenye maua. Chumba kikawa kimya. Mkuu wa shule akatokea mlangoni, akikohoa kama mtu mwenye hotuba, na Mkia akajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Mkuu akasimama. Akaendelea kusimama. Mwisho mfuko mmoja ukajikunja, kichwa kikachomoza, nywele zimesimama kila upande. Kikafuata kingine. Punde wote walikuwa wakikimbilia uani huku wakipunga mikono, na mjukuu wako akapita chini ya kwapa la mkuu bila kumwamkia.

Mkuu alimshika mumeo mkono, akasema amefurahi kuona yamekwisha. Mumeo akamjibu kwamba hayajakwisha, wala yeye hana haja yaishe. Halafu akaenda uani, akaushika mkokoteni wake, akausukuma mtupu hadi karakana.

Unakumbukwa na mumeo, wanao wote wawili, mkweo, kaka yako, wifi yako, mjukuu wako ambaye sasa hakai, na Mkia wako. Leo, kesho na mtondogoo, hutoki mioyoni mwetu.