Bodrin Hakutoka Langoni

Langas, Eldoret.

Kwa dada yangu mpendwa Seline,

Pokea salamu za mwanamume ambaye akifungua mdomo, Eldoret nzima inafunga wake. Natumai baridi ya Timboroa haijakugandisha ulimi, maana wanafunzi wako watakosa wa kuwafokea. Sisi tu wazima, na Mama anakusalimia.

Habari kubwa ni kwamba Kiarie amenipa maiki kwenye ukumbi wake wa video. Filamu inaongea Kizungu, mimi naigeuza Kiswahili, na nisipoelewa natunga. Wanasema natunga kuliko wenye filamu. Wewe mwalimu na diploma yako, umewahi kupigiwa makofi darasani?

Jumapili tulionyesha filamu ya kile kitabu ulichokuwa unanisomea kabla hujapata kazi huko. Dada, wamemharibu Bodrin. Yule soja, mlinzi wa lango uliyempenda kwa sababu alikataa kuacha lango lake, kama Baba usiku wake wa mwisho kwenye lango la kazi Yamumbi, wezi walipokuja, wamemfanya mlevi wa kuchekwa. Joka linatokea, yeye huyoo, mbio. Na Mama alikuwa ameketi mbele kabisa, amevaa lile koti la kazi la Baba.

Sikukubali. Nilimpa Bodrin sauti ya Baba, na kile Kiswahili chake cha Kijaluo, nikasema hakimbii, anaenda kuita majirani. Ukumbi ulisimama. Hata Kimeli wa posho mill, msaga unga wetu, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, alicheka ya mwaka ujao. Mama alisikia ile sauti akajifuta macho na mkono wa koti.

Kumbe filamu sikuwa nimeitazama mpaka mwisho. Bodrin alirudi na jeshi la adui, akalifungulia lango. Watu wakalishangilia wakidhani ndio majirani, mpaka majirani wakamkata mfalme kichwa.

Kimeli aliuliza hao ni majirani wa mtaa gani. Nikazima filamu, nikatangaza kwamba imedanganya, kwamba kitabuni Bodrin hakutoka langoni. Makofi tena, dada, mpaka mabati yakalia.

Ndipo Mama akauliza polepole, "Na huko kitabuni, aliiona asubuhi?"

Uliondoka kabla hatujafika mwisho wa kitabu. Ukumbi mzima ulinitazama, maiki mkononi, na mimi ninayetunga kila kitu sikuweza kulitunga hilo. Mama bado anangoja.

Mungu akulinde huko mlimani. Pasaka uje na kitabu.

Ni mimi ndugu yako, fundi wa maiki,
Okumu