Baiskeli Husomwa Ikiondoka

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kibandani kwako hapa Mwembesongo, makopo yako ya rangi bado yako juu ya rafu. Ulipofariki, baba mdogo alitaka tukifunge. "Nani siku hizi anaandikisha maneno kwenye madigadi ya baiskeli?" Na mimi, nikuambie ukweli, nilishaanza kukubali.

Kisha wakaja vijana wa klabu ya baiskeli ya hapa mjini, wanataka nembo na jezi. Nikashinda kwenye kompyuta nikiwachorea Uluguru nzima: mabonde, ukungu, migomba, hata maporomoko. Kila aliyeona alisifu.

Ila roho haikutulia. Nikakukumbuka wewe na wateja wako. Hukumruhusu mtu kuondoka kabla hajaendesha mpaka kwenye kona, nawe umesimama barabarani mikono kiunoni, unatazama madigadi ya nyuma. "Baiskeli husomwa ikiondoka," ulikuwa ukisema. Maneno yasiposomeka unafuta, hata kama mwenyewe ameridhika. Mama alikutania kwamba wewe unapenda tu kuaga watu.

Basi nikambandika Asha, mwenyekiti wao, mchoro wangu mgongoni kwa selotepu, nikamwambia aendeshe. Baba, ungecheka! Alipofika kwenye kona, Uluguru yangu ilikuwa ugali uliomwagikiwa mchicha. Nikafuta vyote. Nikabakiza mstari mmoja mnene wa njano, vilele vya milima tu, kutoka bega hadi bega. Wakijipanga sambamba, mstari wa huyu unaungana na wa mwenzake, na milima inaendelea.

Jumapili waliondoka wamevaa jezi, wakielekea Mafiga. Nikasimama barabarani nikawatazama, na kila mgongo ulisomeka. Nililia, baba, na wala si kwa huzuni peke yake. Asante. Asante kwa kila herufi uliyonifutisha nikanuna siku nzima.

Jana mzee mmoja alisimamisha baiskeli yake mlangoni, akauliza, "Fundi yupo?" Nikafungua mdomo nimpe habari za msiba. Nikajikuta nasema, "Shikamoo mzee. Fundi ni mimi."

Mungu akulaze mahali pema, baba. Kibanda sikifungi.

Mwanao,
Zainabu