Siku Ulipoanguka Kwenye Maombi

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka mji wa Buffalo, hukuhuku Marekani, na leo sina kizunguzungu. Naanza na hilo kwa sababu ungeuliza afya kwanza.

Kilinipata asubuhi moja kabla ya kwenda kazini kiwandani Tonawanda. Niligeuka kitandani, chumba kikazunguka, nikashika godoro kwa mikono miwili. Kikaacha. Nilipoinua macho kuchukua majani ya chai kabatini, kikaanza tena. Hapo nikalikumbuka jiko letu la mjini Louisville tulipoishi pamoja, ulivyoshusha sufuria zote za juu ukazipanga sakafuni, nami nikakutania kwamba unafungua duka. Kwetu kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, mwenye kizunguzungu alikuwa mtu aliyepungukiwa damu, basi. Nikakupikia mboga za lengalenga na maini mpaka ukavichoka. Kliniki uliwaambia tu kwamba huna nguvu, wakapima damu, wakakuta iko sawa.

Halafu ikaja Jumapili ile. Mchungaji alikuwekea mkono kwenye paji la uso, akakirudisha kichwa chako nyuma kama anavyowafanyia wote, ukaanguka. Kanisa zima likashangilia. Akina mama wakakufunika kitenge, wakaimba wamekuzunguka, wakisubiri Roho amalize kazi yake. Wewe ulikuwa umefumba macho na kukunja ngumi. Nilidhani unaomba.

Kwenye gari ulitapika ndani ya mfuko, ukajifuta mdomo, ukaniambia polepole, "Wenzangu wakianguka wanaamka na furaha. Mimi sikusikia kitu, ni kuzunguka tu. Labda Mungu hanitaki."

Nikakwambia usiseme hivyo. Tangu siku hiyo, wakiitwa watu wa kuombewa, hukuinuka tena. Hata ulipohamia kwa kaka, mjini Columbus, ulibaki kitini vilevile, mpaka moyo wako ulipochoka tukakuzika huko.

Sasa nisikilize. Daktari wa hapa aliniuliza kwanza kama sisikii vizuri, kama mkono umekufa ganzi, kama maneno yananishinda. Nikasema hapana. Akageuza kichwa changu kulia, akanilaza chali haraka, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, akanitazama macho. Yalikuwa yanachezacheza, akasema ameshajua. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana vinavyotusaidia kusimama bila kuyumba. Vikitoka mahali pake vikaingia kwenye mifereji ya sikio, ukirudisha kichwa nyuma ubongo unadhani unazunguka. Hakuniandikia dawa. Alinigeuza kichwa taratibu upande wa pili, akanilaza ubavu, akaniketisha. Kikirudi, alisema, tutafanya hivyo tena. Ni dakika chache tu, Mama. Nikalia palepale, naye akadhani ameniumiza.

Nina hasira, sikufichi, maana hata kule Louisville kingetibika. Na siwezi kuapa kwamba ulikuwa na ugonjwa huohuo, kwa sababu hakuna aliyekulaza akakutazama macho. Lakini kichwa kurudishwa nyuma, dunia kuzunguka, kutapika, yote ni yaleyale. Ulikaa miaka ukiamini umekataliwa, na mimi nilikaa karibu yako bila kujua la kukujibu.

Jibu ni hili: Mungu hakukukataa, Mama. Lilikuwa sikio.

Pumzika bila wasiwasi,
Mwanao wa pili