Ini la Mchungaji

Nuku'alofa,
Jumatatu

Mdogo wangu mpenzi Fusi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na baridi ya Auckland haijawagandisha. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Baba, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nikuandikie, kwa hiyo vuta kiti.

Najua bado unawaambia watu kwamba dada yako ni daktari asiyetibu mtu. Hukukosea: miaka yote nilikaa maabara nikitia saini majibu ya watu nisiowaona. Sasa mashine zinahesabu na kujikagua zenyewe, nasi madaktari wa maabara tumeambiwa tupande wodini, tuongee na wagonjwa, tuwashauri wenzetu majibu yana maana gani. Nilinung'unika sana mwanzoni. Siku hizi hunitoi wodini hata kwa kuburuta.

Baba alilazwa kwa homa ya mapafu. Kipimo cha ini kikatoka juu mno, na daktari mmoja kijana akamwambia aache pombe. Tena alisema hayo mbele ya mkeka mzima wa wageni, mzee wa kanisa Kulitapa akiwa katikati yao, anakula viazi vikuu vyetu! Kufikia jioni kisiwa kizima kilikuwa kikisema Baba ni mlevi, na baraza la kanisa likamwondoa mimbarani mpaka likae kuamua. Fusi, Baba hakutoa chozi hata tulipomzika Mama. Siku hiyo alilia.

Mimi nilishikwa na udadisi kuliko hasira. Chembe nyekundu za damu ya mlevi mara nyingi huvimba, lakini za Baba hazikuwa na kasoro. Nikapanda kumuuliza anakunywa nini. Akajibu kwa ukali kwamba anakunywa maji ya mzizi wa kava kama wanaume wote, au nilitaka anywe maziwa? Nikauliza kiasi gani. Akageukia ukutani.

Unajua binti haketi kwenye duara la kava ambako baba yake na wenzake hunywa usiku, hivyo sikuweza kwenda kujionea. Nikawaita wenzake waje kutolewa damu. Walikuja wakitaniana: "Dada, usiimalize, kesho tuna kwaya!" Wale wanywaji wakubwa karibu wote walikuwa na kipimo kama cha Baba, wengine hawajawahi kuonja pombe. Nikaenda barazani, nikaeleza kwamba kava nyingi inaweza kukipandisha kipimo kile bila tone la pombe. Mzee Kulitapa akauliza, kwa sauti ya chini, kama na yeye aje apimwe. Baba amerudishiwa mimbari yake.

Ningeweza kuishia hapo, ila wenzake walinidokeza kwamba yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Nikamuuliza kwa nini. Akakiri kwamba kava yenyewe imeshamchosha. Tangu Mama aondoke hawezi kulala kwenye kimya cha ile nyumba. Kule angalau anasikia mtu akikohoa. Alinikataza nisikwambie, eti utaacha kazi urudi nyumbani. Nimekwambia.

Nimehamia kwake, chumba cha pili. Kila usiku nakohoa makusudi, na asubuhi ananigombeza, daktari mzima mbona sijipimi kifua.

Wabusu watoto, msalimie shemeji, na umpigie Baba simu.

Dada yako akupendaye,
Melenaite