Chumba cha Juu cha Baba

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini mko salama, wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa miguu yangu. Wiki nzima nimepanda ngazi za watu, na wiki yenyewe haina dalili ya kuisha.

Uliuliza kazi inaendaje. Ni yale yale. Watu wanafunga ving'ora vya moshi siku ya ukaguzi, mkaguzi akitoka tu getini wanavivisha mfuko wa plastiki ili wakaange kwa amani. Juzi mama mmoja aliniambia chake amekifungia kabatini kisiingie vumbi. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilimwomba kiti nikakaa.

Sasa ya nyumbani. Chumba cha juu ulichomjengea Baba kimekwisha. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyekikagua, maana mimi siruhusiwi kukagua nyumba yetu, na amekipitisha: dirisha linafunguka bila ufunguo na mtu mzima anapenya, ngazi ina pa kushika, king'ora kipo darini na kingine kwenye korido. Cheti kimetoka. Fundi anatembea kifua mbele. Baba kashafunga mizigo, anakusubiri tu uje umhamishe mwisho wa mwezi.

Kaka, nakuomba asihamie. Najua ulivyojinyima kwa ajili ya chumba hicho, na najua utasema ukaguzi umenipanda kichwani. Nisikilize kwanza.

Jumamosi nilipanda kumwonyesha Baba king'ora kinavyolia. Nikabonyeza kitufe, kimya. Kumbe fundi alichomoa betri baada ya ukaguzi. Kabla sijasema neno, Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kinalia vizuri kabisa, hicho kitaamsha mtaa mzima.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Nikatia betri, nikangoja ageukie dirishani, nikabonyeza tena. Jirani alikuja mbio na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Baba aliendelea kukunja shati lake.

Tulikaa kitandani, akanieleza. Sikio la kushoto liliondoka zamani, la kulia limefuata mwaka huu. Anatusoma midomo. Alinisihi nisikwambie, kwa kuwa anaogopa utamwona mzigo. Niliumia sana, maana nakaa naye nyumba moja na sikujua.

Sheria yetu inataka king'ora kilie tu. Habari za anayelala chini yake hazimo. Vipo vyenye taa kali na vya kutikisa kitanda. Nimeagiza, sijui kitafika lini. Mpaka hapo atalala chini, chumba cha pili na changu, nami nitamwamsha kwa mkono.

Na kuna jingine, linaloninyima usingizi. Ulipompigia simu kumweleza kwamba umeachishwa kazi, uliniambia baadaye jinsi ulivyofarijika, kwamba Baba alikusikiliza mpaka mwisho bila kukulaumu, akakwambia sawa mwanangu, Mungu akubariki. Kaka, ndivyo anavyomwambia kila anayempigia. Hajui. Bado anawasimulia majirani habari za ofisi yako. Njoo umwambie mwenyewe, ukae mbele yake, useme polepole.

Wifi na watoto wape salamu zangu nyingi.

Ni mimi mdogo wako,
Mkaguzi wenu