Stella Amemaliza Mitutu Uliyoiacha

Stella amemaliza ile mitutu! Yote miwili, myeusi tii, haina baka hata moja, na mwenye bunduki amelia machozi. Nisamehe, Baba Stella, habari imenitoka kabla ya salamu. Pumzika tu huko uliko, mume wangu. Huku Makanyagio kifua changu hakipiti mlangoni.

Unakumbuka mwaka ulionioa? Ulipaka dawa mitutu ya bunduki ya kale, ukaiweka kwenye kasha lenye unyevu ishike kutu. Mimi ningejuaje kwamba fundi anaitafuta kutu kwa makusudi, aichemshe igeuke nyeusi, asugue, arudie mara sita, saba? Nikaona umeharibu mali ya watu. Nikaipaka mawese mpaka ndani! Uliporudi ukainusa. "Mke wangu, umeikaanga bunduki. Tuile na ugali?" Ukacheka mpaka majirani wakaja, kisha ukaosha mafuta yote, ukaanza upya. Hukunifokea hata kidogo.

Ulipotutoka, bunduki ya Mzee Rafaeli wa Mamba, ile ya babu yake, ilibaki nusu. Ndugu zako wakaniambia, "Shemeji, banda tuligeuze duka. Ufundi wa bunduki mwanamke atauwezea wapi?" Nikawajibu, "Stella kibali cha ufundi anacho kwa jina lake. Amalize hii moja. Ikimshinda, funguo nawapa mimi mwenyewe."

Mara ya tatu ya kuichemsha, mitutu ikatoka na mabaka. Nikamkuta Stella kakaa chini, vidole vimepasuka kwa kusugua, anasema, "Mama, wapelekee tu hizo funguo." Nikamwambia, "Baba yako alianza upya kwa ujinga wangu mimi, wewe unashindwa na mabaka?" Akacheka kama wewe, na pua ile ile. Akabandika maji.

Juzi Mzee Rafaeli akaigeuza juani. "Nani kafanya?"

"Mimi, babu."

"Muongo wewe!" Akaangalia tena, ndipo machozi. "Wazee wenzangu watatu wana za kwao, zimechakaa. Nitawaleta."

Banda halifungwi, Baba Stella! Mdogo wako aliyetaka duka ndiye anapaka ubao wa mlangoni, FUNDI STELLA, herufi kubwa, nimemsimamia mwenyewe. Nakukumbuka sana, lakini silii leo. Nina mchele wa kuchagua, maana nimewaita Mzee Rafaeli na wazee wenzake wote, wa Mamba na wa Karema, waje na bunduki zao tule pamoja Jumamosi hii, asubuhi baada ya misa.

Mkeo mwenye maringo,
Mama Stella